Stempu ya ushindi ya 1966, na somo lake kwa miaka 100 ya Yanga na Simba

Alhamisi ya tarehe 18 Agosti 1966 watu walipanga foleni kwenye ofisi za posta katika miji ya England wakitafuta stempu moja ya peni nne. Peni nne ndiyo iliyokuwa gharama ya kawaida ya kutuma barua ndani ya nchi. Picha ya stempu yenyewe haikuwa ngeni: wachezaji wakigombea mpira, mchoro uliokuwa madukani na kwenye bahasha tangu mwanzo wa Juni. Kipya kilikuwa maneno mawili tu yaliyoongezwa, ENGLAND WINNERS, yaani England ndio washindi, kwa Kombe la Dunia walilokuwa wametwaa Julai. Baada ya saa chache ofisi nyingi zilikuwa zimeishiwa.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu ya jambo linalotusubiri nyumbani. Mwaka 2035 klabu ya mpira ya Young Africans, yaani Yanga, itatimiza miaka 100. Mwaka unaofuata itakuwa zamu ya Simba. Sioni namna klabu hizi mbili zitakavyofikia umri huo bila mtu kusema, na kwa haki kabisa, kwamba zinastahili stempu. Mimi ni mmoja wa watakaosema hivyo, na ninasema tangu sasa. Lakini stempu ya mpira ina mitego yake, na sijui kisa kinachoionyesha vizuri zaidi kuliko hicho cha 1966, ambapo shirika la posta lililokuwa na uzoefu wa zaidi ya karne moja lilifanya jambo zuri kwa haraka, na matokeo yake yakawa nusu furaha, nusu manung'uniko.

Kwanza tuelewe stempu ilipitia wapi kabla ya kufika dirishani. Kwa miaka mingi posta ya Uingereza ilikuwa bahili wa stempu za kumbukumbu. Ilizitoa kwa mambo ya kifalme, mambo ya posta yenyewe, na matukio machache ya kimataifa. Aliyefungua mlango alikuwa Tony Benn, waziri wa posta katika serikali ya Harold Wilson kuanzia 1964. Aliamini stempu ni ukuta mdogo wa maonyesho ambao kila raia anaumiliki, na kwamba mambo ya watu wa kawaida yana haki ya kuwekwa juu yake. Chini yake stempu zikaongezeka na wachoraji wapya wakaitwa, akiwemo David Gentleman, ambaye ndiye aliyechora ile ya peni nne ya Kombe la Dunia. Ya peni sita ilichorwa na William Kempster, na ya shilingi moja na peni tatu ilichorwa na David Caplan. Benn mwenyewe hakuwepo kwenye kiti hicho wakati wa ushindi. Alihamishiwa wizara ya teknolojia mwanzoni mwa Julai, siku chache kabla ya mechi ya kwanza, na Edward Short akachukua nafasi yake.

Hata kabla ya mpira kupigwa, stempu zilikuwa zimeshaingia kwenye siasa. Miongoni mwa michoro iliyoandaliwa ilikuwemo yenye bendera za timu zote 16. Ni wazo zuri, la rangi, na linalomsalimu kila mgeni. Tatizo likawa Korea Kaskazini. Uingereza haikuitambua serikali yake, na wizara ya mambo ya nje iliona kwamba kuweka bendera yake kwenye stempu, tena pamoja na sura ya Malkia, ni sawa na kuitambua kwa mlango wa nyuma. Michoro ya bendera ikatupwa. Kwa sababu hiyohiyo iliamuliwa nyimbo za taifa zisipigwe isipokuwa kwenye mechi ya ufunguzi na fainali, ambako hakuna aliyetarajia kuwaona Wakorea hao. Nao, huko Middlesbrough, wakaifunga Italia 1-0 na kuiondoa mashindanoni. Robo fainali wakaongoza 3-0 dhidi ya Ureno, kabla Eusébio, kijana wa Lourenço Marques, mji tunaouita leo Maputo, hajapachika manne na mechi kwisha 5-3.

Bendera nyingine hazikuwepo hata kwenye michoro. Hakuna nchi ya Afrika iliyoshiriki mwaka ule. FIFA ilikuwa imeamua kwamba bingwa wa Afrika akapambane tena na wa Asia na Oceania kugombea nafasi moja, na nchi za Afrika, Ghana ya Kwame Nkrumah ikiwa mstari wa mbele, zikajitoa zote. Mgomo ulizaa matunda: kuanzia 1970 Afrika ilipewa nafasi yake yenyewe, na Morocco ikawa ya kwanza kuitumia. Kila ninapoitazama seti ile ya 1966 namkumbuka Eusébio, mwana wa Afrika Mashariki aliyemaliza kama mfungaji bora wa mashindano kwa mabao tisa akiwa amevaa jezi ya mkoloni wake. Stempu ya kumbukumbu huonyesha kile ambacho mwenye nchi amekubali kikumbukwe. Aliyeachwa nje inabidi umtafute kwingine.

Kuna sadfa moja ambayo wapenzi wa stempu hawachoki kuisimulia. Machi 1966 kombe lenyewe, lile lililopakwa dhahabu la Jules Rimet, liliibiwa jijini London likiwa kwenye maonyesho ya stempu. Liliwekwa katika ukumbi wa Westminster Central Hall kama kivutio cha sehemu ya stempu za michezo, na Jumapili ya tarehe 20 mtu akavunja sanduku na kuondoka nalo, akiacha stempu zenye thamani kubwa mara nyingi kuliko kombe. Wiki moja baadaye mbwa aitwaye Pickles alilinusa likiwa limefungwa kwenye gazeti kando ya nyumba, kusini mwa jiji.

Fainali ikachezwa Wembley tarehe 30 Julai, England 4, Ujerumani Magharibi 2, baada ya muda wa nyongeza. Kutoka siku hiyo hadi stempu kuuzwa ni siku 19. Kwa posta ya wakati ule hiyo ilikuwa kasi kubwa sana, maana stempu ya kawaida ilichukua miezi mingi kupita kwenye kamati, kwa mchoraji, kasri na kiwandani. Iliwezekana kwa sababu mchoro wa Gentleman ulikuwepo tayari na kampuni ya Harrison & Sons ilikuwa na uzoefu wa kuuchapa. Kilichobaki ni kuongeza maneno.

Nguvu ya maneno machache yanayoongezwa juu ya stempu sisi watu wa pwani tunaifahamu. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, stempu za Zanzibar zenye sura ya Sultani ziligongwa neno JAMHURI na mwaka 1964. Picha ilikuwa ileile, karatasi ileile, lakini dola nyingine ndiyo iliyokuwa ikizungumza. Nilipoziona kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini serikali huzichukulia stempu kwa uzito kuliko tunavyodhani. Gazeti linaweza kushangilia na kesho likajisahihisha. Stempu hubandikwa kwenye barua ya kila mtu, apende asipende, kwa jina la nchi.

Hapo ndipo ugumu wa England Winners ulipo. Stempu za Uingereza haziandikwi jina la nchi. Ni heshima iliyobaki tangu 1840, Waingereza walipotoa stempu ya kwanza ya gundi duniani: sura ya mfalme au malkia inatosha kuwa jina. Kwa desturi hiyo, kuliona neno ENGLAND kwa herufi kubwa kwenye stempu ya ufalme mzima lilikuwa jambo la nadra mno. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zilikuwa na stempu zao za kimkoa tangu 1958, zenye alama zao pembeni ya kichwa cha Malkia. England haikupata za kwake hadi 2001. Katika mpira kila moja kati ya hizo nne ina timu yake, chama chake na mashabiki wake, na Mskoti haoni ushindi wa England kuwa wake hata kidogo. Pesa za posta, hata hivyo, ni za wote.

Posta ililiona tatizo na kulitafutia njia. Stempu hiyo iliuzwa katika ofisi za England, Visiwa vya Channel na Kisiwa cha Man, kwenye idara ya wakusanyaji iliyokuwa London, na katika ofisi za posta za jeshi. Mskoti aliyeitaka ilibidi asubiri hadi tarehe 22 Agosti, ilipouzwa Edinburgh kwa nafasi ya kufunguliwa kwa tamasha la mji huo. Uamuzi ulikuwa wa busara kisiasa na mbaya kiposta. Wa busara, kwa sababu ulimwepusha karani wa Glasgow na aibu ya kuwauzia watu tambo za jirani. Mbaya, kwa sababu uligeuza stempu ya taifa kuwa bidhaa ya mtaa mmoja, na bidhaa isiyopatikana kila mahali ndiyo mlanguzi anayoiota usiku. Waskoti walilipiza kwa njia yao. Aprili 1967 timu yao iliifunga England 3-2 palepale Wembley, ikiwa ni mara ya kwanza mabingwa hao wa dunia kufungwa tangu wachukue kombe, na wakajitangaza wao ndio mabingwa wapya.

Sisi tusijione tuko mbali na tatizo hilo. Agosti hiyohiyo ya 1966, barua kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zilibeba stempu zenye majina ya nchi tatu kwa pamoja, Kenya, Uganda na Tanzania, maana huduma ya posta ilikuwa moja. Mwezi huo zilitolewa za Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Kingston, Jamaica, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa tukio lilikuwa la wote. Hebu fikiria kama posta ile ya pamoja ingeamua kuandika kwenye stempu kwamba nchi moja kati ya tatu imewashinda wenzake! Na leo Tanzania ina shirika moja la posta na vyama viwili vya mpira, TFF na ZFF. Zanzibar ilipokelewa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, Machi 2017 na kuondolewa Julai ya mwaka huohuo, na kidonda hicho hakijapona. Kwa hiyo swali la nani anasemewa na stempu ya mpira ni letu kama lilivyokuwa la Waingereza.

Turudi kwenye foleni. Zilichapwa stempu zaidi ya milioni 12. Idadi inaonekana kubwa mpaka ukumbuke kwamba England ilikuwa na watu takriban milioni 45, na kwamba stempu za kumbukumbu za peni nne zilizoea kuchapwa kwa makumi ya mamilioni. Walanguzi walishaipiga hesabu hiyo kabla ya posta. Walinunua karatasi nzima nzima na kuziuza siku hiyohiyo kwa bei mara kadhaa ya peni nne, huku mzee aliyekuja na mjukuu wake kununua mbili akiambiwa zimekwisha.

Kisha soko likawageukia. Kila aliyefanikiwa kuipata aliitunza kwa kuamini itakuwa mali: kwenye Biblia, kwenye albamu, ndani ya bahasha iliyofichwa kabatini. Stempu hupanda bei pale nyingi zinapotumika, kugongwa muhuri, kuchanwa na kutupwa, zikabaki chache safi. England Winners haikupata bahati hiyo mbaya inayozaa thamani. Mamilioni yamebaki kama yalivyotoka kiwandani, na leo bei yake sokoni haifikii hata gharama ya kutuma barua moja ndani ya Uingereza. Familia nyingi zimepeleka kwa wauzaji karatasi nzima waliyoachiwa na babu na kurudi nyumbani kimya.

Nakataa, hata hivyo, kusema stempu hiyo ilishindwa. Kama kipimo ni fedha, ilishindwa. Kama kipimo ni kukumbusha, ni wachache waliokuwa hai England mwaka ule wasioijua, na vijana waliozaliwa baadaye wanaijua kwa sababu ilibaki kabatini mwa babu. Kosa la posta halikuwa kuitoa. Kosa lilikuwa kuiachia iuzwe kwa siku moja badala ya mwaka mmoja.

Jambo la mwisho la kuchambua ni sura. Kwa desturi ya Uingereza wakati ule, mtu aliye hai asiye wa ukoo wa kifalme hakuwekwa kwenye stempu. Wachezaji wa Gentleman ni wachezaji tu, hawana majina. Bobby Moore, nahodha aliyefuta matope mikononi kabla ya kupokea kombe kutoka kwa Malkia, hayumo. Alifariki Februari 1993 akiwa na miaka 51, na sura yake ikatokea kwenye stempu mwaka 1996, katika seti ya nguli watano wa mpira iliyotolewa England ilipoandaa mashindano ya Ulaya. Miaka 30 ilipita, na ilibidi afe kwanza. Inauma ukiifikiria. Lakini desturi hiyo ililinda kitu: hakuna mwenyekiti wa chama wala waziri aliyeweza kujichomeka kwenye ushindi wa vijana wale.

Hapo ndipo ninapowaelekea Yanga, Simba na Shirika la Posta Tanzania. Maadhimisho ya miaka 100 yana faida moja kubwa ambayo ushindi hauna: tarehe yake inajulikana. Yanga husherehekea kuzaliwa tarehe 11 Februari 1935, na Simba tarehe 8 Agosti 1936. Hakuna atakayekuwa na kisingizio cha siku 19.

La kwanza ninaloliomba ni kwamba stempu hizo mbili zitangazwe siku moja, hata kama zitaanza kuuzwa kwa kupishana miezi 18. Ikitangazwa ya Yanga wa Jangwani peke yake, Simba wa Msimbazi hawatasubiri 2036 waone kama ahadi ipo. Wataanza kuuliza posta ni ya nani, na watakuwa na haki. Watani wa jadi wanaweza kuvumilia kufungwa, lakini hawawezi kuvumilia kusahauliwa na serikali. Na ziuzwe kila mahali kuna dirisha la posta, kuanzia Kariakoo hadi Kigoma, na Unguja na Pemba pia, ambako mashabiki wa klabu hizi ni wengi kuliko wageni wanavyodhani.

Ziwe za bei ya barua ya kawaida. Miaka ya 1980 na 1990 stempu nyingi zenye jina la Tanzania zilitolewa kwa kulenga albamu za wakusanyaji wa ng'ambo, zenye picha za mambo ambayo mtu wa Tabora hakuwa na habari nayo wala haja nayo. Klabu hizi mbili zisifanyiwe hivyo. Barua za mkono zimepungua, ni kweli, lakini ofisi za serikali, shule, benki na mahakama bado zinatuma bahasha kwenye masanduku ya posta kila siku. Stempu ya Yanga kwenye barua ya matokeo ya usaili, inayofunguliwa na shabiki wa Simba, ndiyo maisha yenyewe ya stempu. Idadi itangazwe mapema, mauzo yaendelee mwaka mzima, na siku ya kwanza kila mtu awe na kikomo cha kununua.

Kuhusu picha, msimamo wangu ni mkali. Asiwekwe kiongozi wa klabu, awe wa sasa au wa zamani, wala nembo ya mdhamini. Wadhamini watataka, na watakuja na fedha. Waambiwe wana jezi. Kama ni sura za watu, ziwe za wachezaji waliokwisha kutangulia mbele ya haki, wachaguliwe na jopo lisilo la klabu. Mimi ningependelea njia ya Gentleman: miguu, mpira, rangi za kijani na njano kwa hao, nyekundu na nyeupe kwa hawa, na umati nyuma yao. Umati ndio uliozibeba klabu hizi tangu enzi za mkoloni, kabla ya mishahara, kabla ya televisheni, wakati Simba bado ikiitwa Sunderland, jina iliyoliacha mwaka 1971. Historia hiyo ya majina ingefaa kupata nafasi yake kwenye kijikaratasi kinachoambatana na bahasha ya siku ya kwanza (ile inayogongwa muhuri siku stempu inapotolewa), kwa Kiswahili, iandikwe na mtu anayeijua.

Na kuna jambo dogo la kalenda ambalo ni bora likamatwe sasa. Tarehe 11 Februari 2035 itaangukia Jumapili, siku ambayo madirisha ya posta hufungwa. Tarehe 8 Agosti 2036 itakuwa Ijumaa, lakini ni Nane Nane, sikukuu ya taifa. Wenye shauku watataka muhuri wenye tarehe kamili ya kuzaliwa kwa klabu yao, na muhuri huo hautapatikana pasipo karani kazini. Kwa hiyo siku zote mbili ifunguliwe ofisi ya muda ya posta pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, yenye muhuri wake maalumu, makarani wa kutosha na sanduku la kutumbukiza barua. Maombi ya muhuri huo yapelekwe mapema, na klabu mbili ziyasaini kwa pamoja.